Asubuhi Nilipomfuta Muuguzi

Miaka ile watu bado waliteleza ulimi wakasema wanakaa mkoa wa Arusha, ingawa Manyara ilishakuwa mkoa. Mimi, kijana wa Tlawi niliyesomea kompyuta, nilikuwa nimeajiriwa katika hospitali ndogo ya binafsi mjini Mbulu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kutunza orodha ya watumishi. Programu za mapokezi, maabara na wodi hazikuwa na majina ya watumishi ndani yake. Mtu akiandika jina na nywila, programu iliuliza kwenye orodha hiyo moja: huyu ni nani, na anaruhusiwa kuona nini? Fundi aliyeiweka orodha hiyo alinionya nisifute jina lolote saa za kazi.

Sikumsikiliza. Mhudumu mmoja wa maabara alikuwa amehamia Katesh, nikataka kumwondoa mapema, nirudi kwenye kazi nyingine. Jina lake lilifanana na la muuguzi wa wodi ya watoto, mama wa makamo aliyetoka Tanga. Nikabonyeza.

Haukupita muda muuguzi akasimama mlangoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitika huku akitazama nyuma, kuelekea wodini.

"Mwanangu, mashine inasema hainijui."

Alieleza kwamba ameletewa mtoto na bibi yake kutoka Maretadu, anapumua kwa shida. Mtoto huyo aliwahi kulazwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika kwenye kompyuta kwamba kuna sindano ilimvimbisha uso na koo. Hakukumbuka ilikuwa ipi. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji.

Nilijua papo hapo nilichofanya. Nilikuwa nimefuta jina lake badala ya la yule wa maabara.

"Ni mtandao tu, mama," nikamwambia. "Dakika mbili."

Akaniamini, akarudi. Nikafunga mlango kwa komeo.

Kwanza niliandika jina lake upya. Orodha ikalikubali, lakini ikampa namba mpya, na programu ya wodi iliwatambua watu kwa namba, si kwa jina. Kwa programu hiyo alikuwa mtu mgeni. Nikajaribu kumpa namba ya zamani, ikakataa. Kila nilipokosea nilisikia viatu kwenye korido nikadhani wanakuja kuniambia mtoto amekufa. Mara moja nilisikia mwanamke akilia, nikaacha kuandika kabisa, nikabaki nimeshika meza. Sikujua analilia nini, na sikuwa na ujasiri wa kutoka kuuliza.

Mwishowe nikatoa nakala ya orodha niliyoihifadhi jana yake na kuirudisha yote. Mstari ulijaa taratibu kwenye kioo. Niliomba kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, kama nilivyofundishwa utotoni, nikirudia maneno yaleyale.

Ilipomaliza nilikimbia wodini. Muuguzi aliandika nywila yake, faili likafunguka. Akasoma jina la ile sindano, akachagua nyingine, akamchoma mtoto. Jioni mtoto alikuwa akinywa uji kwa kijiko, bibi yake akimshikia kichwa.

Nilimfuata muuguzi akiwa ananawa mikono. Nilimwambia ukweli wote: jina nililofuta, uongo wa mtandao, mlango. Nilitegemea anipeleke kwa mganga mkuu. Alifunga bomba, akajifuta vidole kimoja kimoja.

"Kufuta jina ni makosa ya kazi," akasema. "Lakini yule bibi ilionekana anaijua ile dawa. Alikuwa ananionyesha kwa mikono, anaongea Kiiraqw, na mimi sielewi. Nilitafuta wodi nzima mtu wa kunitafsiria, nikamkosa. Kumbe wewe umejifungia ndani."

Alichukua sinia lake la dawa akarudi kwa wagonjwa. Hakumwambia mtu, nami niliendelea kufanya kazi pale kwa miaka kadhaa, nikiwa nimeling'oa lile komeo.