Volti kumi na mbili, na ufunguo niko nao mfukoni

Leo nimepima gari nikatamani nisingelipima.

Maman Sifa, jirani yetu hapa Kamembe, aliniletea gari lake la zamani. Shida mbili: batri inakufa usiku, na kiti cha dereva kinateleza nyuma. Kila asubuhi anakivuta mbele, maana yeye ni mfupi.

Nikachaji batri. Nikachomoa ufunguo, nikatia mfukoni, nikapima umeme kwenye bobini, ile inayotoa moto wa kuwashia injini.

Volti kumi na mbili.

Bila ufunguo ilitakiwa isome sifuri.

Nikafuata waya. Waya mpya kabisa, umepitishwa chini ya zulia mpaka kwenye swichi iliyofichwa chini ya kiti. Kando yake, kitufe cha stata, cha kuwashia injini bila ufunguo.

Kiti nacho nikakitikisa. Kimekaza vizuri, hakitelezi popote; kuna mtu anakisukuma nyuma.

“Maman, ufunguo unalalaka wapi?”

“Chini ya mto wangu.”

“Na lango?”

“Ninalifungaka mimi mwenyewe. Kwa ndani.”

Basi anayeliwasha usiku analala humo humo ndani. Nikachukua koleo nikate ule waya, akanishika mkono.

“Uache, Papa Idi. Ataona umekatwa.”

Sikumuuliza ni nani.

Amerudi na gari lake nyumbani. Nyinyi mungemuacha aende?