Hema la Mwisho la Wakwe

Pande za Dabani, mwenye matanga akitaka spika hamtafuti mwingine ila Bartholomew. Husukuma baiskeli yenye jenereta nyuma, spika zimening'inia ubavuni kama kuku wa kupelekwa sokoni. Amezitembeza kutoka Masaba mpaka Sop Sop, na popote aendapo hulalamika. Hulalamikia petroli, hulalamikia wahubiri wanaotaka kumeza maiki, hulalamikia wafiwa wanaotaka wasikike mpaka Kenya. Watu wamezoea, humwacha tu. Lakini siku ya maziko ya kaka yake Luke, alikuwa na haki.

Wachimba kaburi walipita na majembe juu ya waya wake mrefu, ukabaki vipande.

"Hamkuona pengine pa kupita?" aliwauliza. "Uwanja wote huu, jembe likachagua waya wangu."

Asio, mjane wa Luke, hakuwa na nafasi ya kusikiliza hayo. "Shemeji, funga unavyojua. Ila wakwe wasikie kila neno. Mwaka jana tuliwakalisha juani, Eriku akaapa tukiwadharau tena hawavuki mpaka, na Daphine wangu sitamwona tena hapa."

Daphine, binti yake, ameolewa ng'ambo, Busia ya Kenya, na Osborn. Eriku ni baba mdogo wa Osborn, mtu mwepesi wa kununa. Na kwa kuwa mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe, wakwe walipewa hema la tano, mwisho kabisa, nyuma ya migomba.

Basi Bartholomew akatumia akili. Kila hema aliliwekea maiki yake, ikielekea spika ya hema lililotangulia. Maiki inapokea, amplifaya inaongeza kidogo, spika inatemea hema linalofuata. Sauti ikapokezwa hivyo, mkono kwa mkono, mpaka kwa wakwe. Akaiona ni kazi nzuri, akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Katekista John Paul alipoanza sala, kitako hakijapata joto, watu wa hema la kwanza wakamgeukia Bartholomew.

"Fundi, ongeza. Hatusikii."

Spika yao ilikuwa imewapa mgongo, ikitazama hema la pili. Akaongeza.

"Bado, mzee. Tumekuja kuzika au kulala?"

Akaongeza tena, akisonya, kisha akashuka kukagua. Hema la pili, salama. La tatu, watu walikuwa wamekunja nyuso. La nne, akina mama walikuwa wameziba watoto masikio. Kufika la tano, katekista akifungua ukurasa wa Biblia ilikuwa kama mtu anayepasua mabati, na Eriku alikuwa amesimama, kiti amekikunja mkononi.

"Sisi ni viziwi?" alimfokea karibu na sikio. "Mwaka jana jua, mwaka huu radi. Tumewapigia kelele mpunguze mpaka koo zimekauka."

"Mngenyosha mkono, mzee. Sauti hapa inakwenda tu, hairudi."

"Kwa hiyo ni kosa letu."

Bartholomew alitamani kulia. Akaona sasa alichofanya: kila hema limeongeza lake, kama nyumba zinazomwaga ndoo kwenye mfereji uleule, wa juu anabaki na tope, wa chini anafurika. Nyuma ya Eriku ukoo mzima ulikuwa unakunja viti. Akaishika swichi ya hema la tano ili azime; afadhali kimya kuliko aibu. Ndipo ikaja sauti nyingine. Katekista alikuwa amemaliza sala na kuacha maiki mezani, karibu na jeneza, na Asio alikuwa akimnong'oneza dada yake, Aidah.

"Umemwona Osborn?"

"Nimemwona kwa mbali," Aidah akajibu, kwa mngurumo uliotikisa turubai.

"Bado anatembea kama bata," Asio akasema.

Viti vikasimama hewani. Osborn akatazama viatu vyake. Bartholomew alijua swichi iko chini ya kidole, na kidole kikamgomea.

"Lakini huyo bata ndiye aliyembeba Luke mgongoni kule hospitalini Tororo," Asio akaendelea. "Alimwosha miguu kama baba yake mzazi, wanangu wa kiume wakichungulia mlangoni. Nitamwambiaje asante, Aidah, na hata kumtazama siruhusiwi? Nitazeeka nayo hii."

Osborn alivua kofia, akaishika kifuani. Mwishowe Eriku akakunjua kiti chake polepole, akaketi.

"Kama bata," alisema. "Hapo mama hakudanganya."

Mtu mmoja akacheka puani, wengine wakaketi. Bartholomew akaiacha swichi, akapunguza tu, na udongo ulipotupwa kaburini, wakwe nao walitupa wao.

Baadaye Asio alimwita kando. "Shemeji, wakwe walisikia vizuri?"

"Walisikia. Mpaka ulichomnong'oneza Aidah."

Asio alijifunika leso usoni. "Na la bata?"

"Hata hilo."

"Na wamebaki?"

"Wanasubiri chakula."

Kabla hajasema zaidi, mzee mmoja wa hema la kwanza akageuza shingo.

"Wewe fundi. Maziko yamekwisha na sisi hatukusikia kitu."