Nilisema Mgongo

Siku yangu ya kwanza kazini, Jinja, nilikabidhiwa baiskeli, spana na daftari la mita za maji. Mkuu wa mita alinifundisha kufuta matope kwenye kioo cha mita na kusoma tarakimu nyeusi, nyekundu niziache. Habari ya kukaa kwenye baiskeli hakuigusa, maana nani anafundishwa kukaa? Nilizunguka mtaa wa Mpumudde miaka kadhaa, safari fupi fupi, sikuona taabu.

Taabu niliikuta Mbale nilipohamishwa. Nkoma yote na mitaa ya jirani ilikuwa yangu peke yangu. Ikifika saa sita nimekufa ganzi kule ninakokalia, na jioni nimechubuka. Nikafunga sponji nene juu ya kiti, mambo yakazidi kuwa mabaya.

Msimamizi wetu alikuwa mama aliyewahi kuwa jeshini, na hata sisi raia tulimwita Afande. Aliona daftari langu lina nyumba nyingi ambazo sijazisoma.

"Wewe iko na shida gani?"

"Mgongo, Afande."

Sasa ningemwambiaje mama wa watu? Akaniamini. Akainua usukani, akainua na ncha ya kiti, ili nikae wima nipumzishe mgongo. Jamani, uzito wote ukashukia palepale! Wiki ile ile nikaandika barua ya kuacha kazi, nami nina watoto watatu shuleni.

Afande aliisoma akiwa amesimama.

"Hii si mgongo. Mtu ya mgongo anashika mgongo. Wewe natembea miguu kando kando. Sema mahali."

Nikasema, macho chini. Hakucheka.

"Hata mimi nakalia hapo hapo," akasema, akachukua spana.

Kwanza aling'oa sponji, kwa kuwa makalio yanazama ndani yake na katikati panazidi kubanwa. Akaweka kiti sawa, ncha ikainama kidogo tu. Akanikalisha, kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu ukinyooka bila nyonga kuyumba, hicho ndicho kimo cha kiti chako. Kisha akaitazama jinzi yangu. Kumbe mishono minne minene inakutana palepale chini ya zipu, na mimi naikalia kutwa nzima. Akanituma kwa fundi cherehani nishonewe suruali ya kitambaa laini, yenye kipande kizima mahali pale.

Barua alinirudishia. "Leta tena Ijumaa, kama bado nauma."

Ijumaa sikuipeleka.

Nimestaafu juzi juzi tu. Mpaka leo mtu akipita na baiskeli natazama nyonga zake kwanza, mke wangu ananisema kwa hilo. Lakini kuna jambo linanikera. Kabla yangu, Nkoma ilikuwa ya msoma mita mwingine, akaacha kazi. Sababu aliyotoa ni mgongo. Hata baada ya kuondoka kwake, ofisini tulimwita mvivu, nami nilikuwamo. Siku hizi anauza nyanya sokoni. Nimekwenda mara tatu nimuulize kama kweli ulikuwa mgongo. Namsalimia, nanunua nyanya, narudi nyumbani.