Kona Yenye Kijani Pande Zote

Mwaka ule nilikuwa mwangalizi wa taa. Ofisi yetu mjini Same ilikuwa chumba kimoja chenye skrini nne na feni iliyopiga kelele kuliko upepo wake, na kutoka humo tuliangalia barabara za wilaya nzima: vibao vya umeme vya barabara kuu, vipimo vya maji kwenye madaraja ya Ndungu, na taa za zile kona za milimani ambako magari mawili hayapishani. Kila kona ilikuwa na kamera mbili, moja juu na moja chini. Kamera ikiona gari linakuja, taa ya upande wa pili inakuwa nyekundu. Kwangu mezani, kila taa ilikuwa nukta tu.

Kanuni moja niliiandika mimi. Ukungu wa Upare hushuka bila kubisha hodi, huziba kamera, na mwanzoni taa zilikuwa zikiwaka nyekundu pande zote. Madereva walikaa wakitazamana mpaka wakachoka, kisha wakatupigia simu za matusi. Nikaandika: kamera isipoona kitu, ihesabu kwamba barabara ni tupu. Matusi yakakoma, nami nikajisifu moyoni.

Jumamosi moja asubuhi mama alinipigia kutoka kijijini kwetu Mamba, mlimani.

"Nimepata pikapu ya tangawizi, nimekaa mbele na dereva. Nashuka huko kwako. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo. Nimekubebea ndizi. Haya, chaji inaisha."

Ikaisha kweli.

Nikaitafuta kona iliyo chini ya kijiji. Nukta mbili, zote kijani. Nikafungua picha: nyeupe juu, nyeupe chini. Ukungu, nikajiambia. Kisha nikatazama dirishani. Milima ilikuwa wazi kama imeoshwa, haina hata uzi wa wingu. Na kwenye skrini ya pili, basi la asubuhi lilikuwa limeshapita kituo cha mwisho, linapanda.

"Kijani pande zote?" Mhandisi wetu, mama mtu mzima asiyependa haraka, aliinuka kwa haraka. "Weka nyekundu!"

Nikabonyeza. Kona za mlimani huchelewa kupokea amri. Skrini ikaandika: subiri.

"Nani alisema kamera isiyoona iruhusu magari?"

"Mimi."

Akafungua daftari lake la namba. Afadhali angenigombeza. Nilimpigia mama mara sita, hapatikani, huku nikiiona kona ile bila kamera yoyote: mwamba upande mmoja, na upande wa pili vilele vya migomba iliyoota chini kabisa. Mwishowe mhandisi akanisukumia namba ya mwenyekiti wa kitongoji, nikapiga na kuweka spika.

"Shikamoo mzee. Kuna gari limepita hapo konani?"

"Marahaba. Lipite liende wapi? Tuko msaragambo hapa tangu alfajiri."

Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, na sheria yake huku kwetu kila mtu anaijua: anayeikuta njiani hapiti mikono mitupu.

"Basi limefika, tumewashusha wote, wanabeba mawe. Konda analia eti shati lake ni jipya. Tumempa sururu."

"Na pikapu ya tangawizi?"

"Iko huku juu, tumeizuia. Ina mama mmoja, tumempa brashi, sasa anatusimamia kama barabara ni ya baba yake."

Niliketi sakafuni. Mhandisi alicheka mpaka akavua miwani.

"Na nguzo zenu tumezipaka chokaa," mzee akaongeza kwa fahari. "Kesho watoto wanapata kipaimara, askofu anapita hapa. Vile vioo vya juu vilikuwa na vumbi, tukavipaka navyo."

"Mzee, vioo hivyo ndivyo vinavyoona magari."

"Sasa mbona hamkusema? Mlikuja na makofia yenu, mkafunga, mkaondoka. Hata maji hamkunywa."

Nilimwomba wavioshe, na wakati wakitafuta ngazi niliifuta kanuni yangu, nikaandika nyingine: kamera isiyoona, magari yasimame. Mvua ya matusi nitaivumilia.

Kwenye skrini weupe ulianza kutoka. Kikaonekana kidole, halafu ncha ya kanga iliyolowa, ikizunguka. Halafu barabara, na mawe meupe pembeni yake, na mama yangu ameinama, brashi mkononi, akimwonyesha mtu mahali aliposahau kupaka.

Amri ilikuwa imefika. Nyekundu juu, nyekundu chini. Kazi ilipomalizika niliwapa kijani wa juu, na pikapu ikapita taratibu chini ya kamera zote mbili, magunia ya tangawizi yakitikisika, mkono wa mama umetoka dirishani, una chokaa mpaka kiwikoni. Ikatoweka kwenye pembe ya picha. Nikaendelea kulizuia basi, ingawa kona ilikuwa tupu.

Mhandisi aliona. Hakunihimiza.