Sururu ya Bluu Iliyoliwa na Ndama

Juzi tulifunga shule. Nilipofika nyumbani Njoro nikiburura sanduku langu la bati, nilimpata mdogo wangu ameketi kwenye ngazi ya jikoni na simu ya mama, vidole vinakimbia. "Umekuja?" akaniuliza bila kuinua kichwa, basi. Kwa skrini kulikuwa na kijitu cha mraba kikichimba mwamba kwa sururu ya bluu, na mimi, msichana mzima wa kidato cha tatu, nikasikia ule wivu wa zamani ukinipanda kooni kama kiungulia.

Wacha nikuambie, rafiki, maana kwa daftari sioni haya.

Mdogo wangu akiwa na miaka sita na mimi kumi, alikuwa wangu. Mimi si mtu wa maneno. Kanisani nikiambiwa nisimame niseme mstari, nilitazama viatu vyangu mpaka mwalimu wa Sande skul akanihurumia. Lakini ukinipa boksi la mafuta ya kupikia na kisu cha kumenyea viazi cha nyanya yetu, shosho kama tulivyomwita, nilikuwa mtu kati ya watu. Niliunda nyumba zenye milango ya kufunguka, nikaunda mashine za kuvuna ngano kama zile zilizopita barabarani kwetu zikitimua vumbi. Jioni watoto wa majirani walikuja uwanjani kwa nyanya, na mdogo wangu alisimama mbele yao akatangaza, "Hii ni ya dadangu. Msiguse." Hilo "msiguse" nililila kama keki.

Halafu Desemba akaja binamu yetu wa kike kutoka Nakuru tauni. Tulikuwa rika moja, lakini yeye aliongea na watu wazima kama amewazaa. Kwao kulikuwa na tableti, na alikuwa amecheza ile gemu ambayo sisi tuliisikia tu: unachimba, unajenga, unapigana, na kila kitu kina kona, hata jua. Tableti yenyewe mama yake alibaki nayo. Kwa hivyo siku ya pili akasema, "Leteni maboksi, tutengeneze vitu za gemu."

Leteni maboksi! Uwanjani kwangu!

Alichora miraba kwa rula, akakata upanga, koleo, shoka, sururu, kingo zote zikiwa kama ngazi. Majivu ya jiko yakawa rangi ya chuma. Bluu ya kufulia ya nyanya ikawa almasi. Sururu kubwa ya almasi alipewa mdogo wangu, akala nayo, akaenda nayo choo, akalala nayo. Mchana kutwa aligonga vichuguu akipiga kelele, "Nimepata! Nimepata!" na kila alipopata, aliyekimbiliwa kuonyeshwa ni binamu.

Mimi nilipewa kazi ya gundi. Nilipika uji mzito wa unga wa ngano, nikautia chumvi vile nyanya alivyonifundisha ndio usichache haraka. Nilikoroga, machozi ya moshi yakinitoka, nikisikia wanavyocheka huko nje, na kila kicheko niliona nimeibiwa.

Nikaamua kuwaonyesha. Siku nzima niliunda shoka langu peke yangu, mpini umepinda kidogo kama wa lile la nyanya, makali nimeyachonga mviringo. Hata leo nasema lilikuwa zuri. Nikalitoa nje.

"Haiya! Si hiyo ni ya kupasua kuni?" binamu akasema.

"Kwa gemu hakuna kitu imepinda," akadakia mtoto wa jirani, ambaye gemu yenyewe hajawahi kuiona hata kwa dirisha la duka. "Pelekea shosho achemshe githeri."

Wakacheka. Mdogo wangu akanitazama, akamtazama binamu, halafu naye akacheka.

Kesho yake vifaa vilikuwa vimetundikwa chini ya paa vikauke, na wenzangu walikuwa nyuma ya nyumba wakichuma matunda damu. Niliitoa sururu ya mdogo wangu nikaiegemeza kwenye ua wa zizi la ndama. Ndama wetu alipenda chumvi mpaka alilamba mikono ya wageni. Nilijua. Usinitafutie kisingizio. Nilisimama mpaka nikasikia anatafuna, ndipo nikaingia jikoni kusugua sufuria.

Aliyegundua ni nyanya. Alikuja na kipande cha mpini kinachodondoka ute wa bluu.

"Nani anataka kuniua ndama na makaratasi? Nani aliweka hii hapa? Leo mtu atachapwa mpaka alale kwa tumbo!"

Mdogo wangu alilia mpaka kwikwi. Nikangoja anijie, maana hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu: akiumia, atarudi kwangu. Akaenda kujifunika uso kwa sketi ya binamu. "Nyamaza, nitakutengenezea ingine," binamu akamwambia, na kufikia jioni ilikuwepo, bluu kushinda ya kwanza.

Basi juzi, pale kwenye ngazi, niliketi kando yake.

"Unakumbuka ile sururu ndama alikula?"

"Eeh."

"Ni mimi niliiweka pale."

Vidole havikusimama. "Najua. Nilikuona."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya tangi la maji."

"Na mbona hukumwambia shosho?"

Akainua mabega. "Si angekuchapa."

Halafu akaniomba nisogee, nilikuwa namzibia mwanga, na binamu alikuwa anamngoja ndani ya gemu. Siku hizi wanacheza hivyo, huyu Njoro, yule Nakuru.

Uwanja wa nyanya umemwagiwa saruji. Watoto wa majirani ni warefu kuliko mimi, na maboksi siku hizi ni ya kuwashia moto. Hayo naweza kuyazoea. Lakini miaka yote hii niliamini siku ile ndiyo binamu alinipokonya mdogo wangu, kwa sababu nilikuwa nikitazama ameshika sketi ya nani. Kumbe alilia vile akijua ni mimi, na akafunga mdomo kwa ajili yangu.

Binamu bado namwonea wivu, sikatai. Ila nikiandika haya naona kuna mtu ninayemwonea wivu zaidi: yule msichana wa miaka kumi aliyependwa kiasi hicho, na hakujua.