Siagi Kwapani mwa Baba

Ndoa yangu ilikaribia kuvunjika kwa sababu ya mafuta. Nayaandika haya kwa utaratibu, maana ndugu zangu kila wakisimulia huongeza chumvi, na siku hizi wamefika mahali pa kusema kwamba baba alitumbukia kwenye pipa. Pipa halikuwapo.

Kwetu ni Ntoto, Walikale, chini kwenye joto. Baba alikamua mawese, na aliyaonea fahari kama vile wengine wanavyomwonea fahari mtoto aliyefaulu mtihani. Mchumba wangu alitoka Nyamitaba, juu kwenye vilima vya Masisi, kwa watu wa maharagi na ng'ombe, ambako ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi. Tulijuana kwenye shule ya walimu, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, darasani kwa mwalimu aliyependa kemia kuliko chakula.

Wazazi walipatana kwamba kabla ya arusi kila upande utapeleka mafuta ya kwao, ili sufuria yetu ya kwanza ionje kotekote. Lilikuwa wazo zuri mpaka lilipoanza kutekelezwa.

Upande wa mchumba wangu ulitangulia. Baba yake mdogo, mtu mwenye tumbo kubwa na kabuti kubwa zaidi, alishuka Ntoto na kibuyu cha siagi begani. Kwao aliijaza ikiwa ngumu. Kisha akatembea nayo juani hadi kwetu. Shangazi yangu aliinamisha kibuyu akitazamia kuchota donge, na siagi yote ikammwagikia miguuni.

"Mama yangu! Batu ya Masisi banatutumia supu!"

"Iko siagi, Mama," akasema mgeni. "Siagi ya kweli."

"Siagi ya kunywa na kikombe?"

Kijiji kizima kilicheka, na baba alicheka kuliko wote. Alifika hata kumuuliza mgeni kama angependa chumvi kidogo. Mpaka anaondoka, watoto walikuwa wakimwita Papa Supu. Alifunga vifungo vyote vya kabuti yake katika joto lile na akapanda kwao bila kuaga vizuri.

Arusi ilipokaribia, zamu ikawa yetu. Tulipanda baba, shangazi na mimi, na mabido mawili, madumu ya mdomo mpana, yenye mawese yaliyokuwa yakicheza ndani kwa sauti ya kupendeza. Kadiri tulivyopanda, sauti ilipungua. Baridi ilipotufanya tujifunike vitenge hadi masikioni, baba alisimama akatikisa bido. Kimya.

"Imechoka na safari," alisema shangazi.

Baba akalitwika bido tena. Alianza kutembea haraka, kama mtu anayetaka kufika kabla mafuta hayajabadili nia kabisa.

Sasa, nyumba ile ya Nyamitaba ilikuwa na desturi yake: bibi-arusi akishafika, anaketi mkekani amefunikwa kitambaa kichwani, na hasemi neno mbele ya wakwe mpaka baraka ya kanisani. Kwa hiyo sehemu inayofuata niliona miguu tu.

Miguu ya baba ilisogea mbele ya watu wote. Nikasikia bido likifunuliwa na kupinduliwa juu ya beseni. Hakikutoka kitu. Miguu mingi ikasubiri. Baba akapiga kitako cha bido, akapiga tena, halafu donge jekundu likaanguka kwa sauti ileile ya ng'ombe anapojisaidia.

Viatu vya baba mdogo vilikuja taratibu. Mtu aliyesubiri siku yake hana haraka.

"Kwetu ilikuwa supu. Na hii njo nini, Papa? Bugali?"

Kicheko kilitikisa mkeka. Kisha ikaja miguu mitupu, mipana, ya mama mkwe. Alikuwa mjane, na nyumbani pale neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Alichota, akasugua kati ya vidole.

"Iko na chembechembe. Munatiamo unga ya muhogo."

"Mimi? Unga?"

"Muntu mwenye anadanganya juu ya mafuta, kesho atatuambia mutoto wake iko na meno yote."

Nilipitisha ulimi kwenye meno yangu. Yalikuwepo yote.

"Hakuna arusi mpaka tujue," akasema mama mkwe.

"Basi hakuna!" baba akajibu. "Dada, funga vitu. Tunarudi na mafuta yetu na mutoto wetu."

Nilitafuta viatu vya mchumba wangu. Nilimpenda, nilitaka kuolewa naye kesho yake na si mwaka mwingine. Yeye alinishinda kwenye kemia kila muhula. Viatu vyake vilikuwa vinasuguana kimoja juu ya kingine tu. Ikabidi niseme mimi.

"Hayana unga."

Miguu yote ikanigeukia.

"Nani anasema?" akauliza mama mkwe.

"Kitambaa," akasema baba mdogo. "Kitambaa njo inasema."

Kitambaa kiliendelea. Nilieleza kama tulivyofundishwa: kwamba mafuta yote, ya ng'ombe na ya mchikichi, yameumbwa kwa namna moja, kakichwa kadogo na mikia mitatu mirefu. Mikia mingine imenyooka, mingine imepinda katikati. Iliyonyooka hulala pamoja, imebanana, na mafuta huwa magumu. Iliyopinda haibanani vizuri, huacha nafasi na kuteleza, na mafuta huwa maji. Siagi ina mingi iliyonyooka. Mawese yana nusu kwa nusu. Joto huifanya yote ichezecheze na kuachana, baridi huituliza ikakumbatiana.

"Mikia," akasema mama mkwe. "Ndani ya mafuta."

Niliomba wageni waketi kwenye benchi wamebanana, magoti yamenyooka. Waliketi. Nikamwomba shangazi, ambaye tangu nimjue huketi amekunja mguu mmoja na viwiko nje, aingie katikati yao. Aliingia kwa viwiko. Mgeni wa mwisho akaanguka chini upande wa pili.

"Yule mwenye ameanguka njo mawese?" mtu akauliza.

"Hapana, shangazi njo mawese," akasema baba mdogo. "Yule iko muntu ya kuumia tu."

Niliona somo linanipotea. Nikaongeza kwamba hata sisi mwili wetu huweka akiba kwa mafuta, na kwamba akiba aliyo nayo Papa mdogo tumboni, kwa heshima, haigandi hata hapa Nyamitaba kwa sababu mwili wake una joto.

Miguu ya mama mkwe iligeukia viatu vya baba mdogo. Nadhani alikuwa anatazama tumbo. "Joto inarudisha maji?"

"Ndiyo, Mama. Na unga hauyeyuki hata kwa joto. Ungebaki chini."

"Tuweke ku moto, basi."

"Mafuta yangu haiwekwi ku moto juu ya kuulizwa maswali!" baba akapaza sauti.

"Basi tuweke ku tumbo," akasema mama mkwe.

Na akapanga mambo kwa haki. Chupa moja ya mawese yetu atashika baba mdogo chini ya nguo. Chupa moja ya siagi yao atashika baba, asije mtu akasema tumeonewa. Kitakachoyeyuka kikawa safi ni cha kweli. Kitakachokataa ni cha uongo. Halafu akanijia akanifunua uso. "Kwa vile umeshasema, angalia pia."

Waliketi kwenye benchi lile, wanaume wawili wazima, wametazama mbele, kila mmoja analea chupa ya mwenzake kwapani. Aliyepita njiani aliwauliza kama wanaumwa.

Baba mdogo hakukawia. Alitoa chupa, akaiinamisha, na mawese yakashuka mekundu, mazito kidogo, bila chembe chini.

"Iko ya kweli," akasema kwa uchungu. Kisha akapiga tumbo lake. "Lakini muone kazi ya hii."

Zamu ya baba. Baba ni mwembamba, na alikuwa na shati lake jepesi la Ntoto. Alipoinamisha chupa, siagi haikusogea. Ilikaa kama mshumaa. Akairudisha kwapani, akatetemeka, akaitoa tena. Vilevile.

Nikaona uso wa baba mdogo unabadilika. Kwa sheria waliyoiweka wenyewe, siagi ya nyumba yao ilikuwa ya uongo. Shangazi alikuwa amekwisha kuvuta pumzi.

"Kule ilikuwa supu, na leo—"

"Nyamaza, Dada," akasema baba.

Angeweza kushinda pale. Alinitazama mimi, akamtazama baba mdogo aliyekuwa anafunga vifungo vya kabuti polepole, kimoja baada ya kingine, kama alivyofanya kwetu. Halafu baba yangu akasimama, akabana chupa kwapani, akaanza kurukaruka.

"Papa, unafanya nini?" nikauliza.

"Ninawasha jiko."

Alizunguka zizi mbio. Ndama wakamfuata upande wa ndani, mbwa wa mama mkwe upande wa nje. Alicheza ngoma ya kwetu ambayo kwa kawaida huhitaji ngoma. Mtu akaanza kupiga makofi, wote wakafuata. Kwenye mzunguko sijui wa ngapi kizibo kilichomoka, na siagi ikamtiririka ubavuni, kwenye suruali, hadi kiatuni.

Baba alisimama akihema, akainua kiatu kuwaonyesha.

"Iko siagi," akasema. "Siagi ya kweli. Jiko njo ilikuwa mubaya."

Baba mdogo alivua kabuti yake akamvika, juu ya siagi yote, bila kuuliza.

Tulifunga ndoa kesho yake. Padri alipouliza kama kuna mtu anayejua kizuizi chochote, kanisa lilikaa kimya kabisa, isipokuwa mbwa wa mama mkwe, aliyekuwa chini ya benchi la mbele akiramba kiatu cha baba.