Mama amekataa soda huku anatetemeka

Leo nusura mama yangu azimie kwa utii.

Ana kisukari. Kliniki walimwambia siku ya kupimwa aende bila kula, ila dawa ameze kama kawaida.

Asubuhi nikamuuliza, "Mama, dawa ya kushusha sukari na hujala kitu, si itakushusha wewe?"

"Udaktari umesomea lini?"

Haya. Akameza, tukatoka kijijini kwetu Nakwa kwenda kliniki.

Foleni ya kliniki mnaijua.

Jua limepanda, namwona anatokwa jasho, mikono inatetemeka, ananiita jina la marehemu kaka yake. Nesi akampima, akatoka mbio, akarudi na soda.

Mama akafumba mdomo.

"Mlinikataza wenyewe."

"Mama, sukari imeshuka sana! Kunywa!"

"Alinikataza daktari. Wewe ni nesi."

Nimechoka, jamani. Mtu anakuondokea hivi hivi, na bado anaangalia vyeo!

Ikabidi daktari aitwe. Kijana mdogo kabisa, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo mama. Kunywa, nimeruhusu mimi."

"Marahaba mwanangu."

Akanywa yote.

Alipotulia, nikamuuliza daktari kuhusu ile dawa. Akasema kuanzia sasa siku ya kupimwa asimeze mpaka ale. Sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi bila kuitamka.

Sasa hivi mama yuko nje anamsimulia jirani yetu, Mama Neema, kwamba leo amepona kwa sababu anamsikiliza daktari.

Mimi niko ndani na chai yangu. Nisaidieni cha kumjibu.